Mkono Haufiki Sikioni

Nyaramba,
12 Januari 1975

Mjomba Manasseh,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Anti Jemimah na watoto. Sisi huku tuna afya. Bibi alikuja kutoka Birongo akiwa na mkungu wa ndizi na malalamiko, na vyote viwili alitugawia sawasawa. Anasema umekuwa kama mvua ya redioni, inatangazwa lakini hainyeshi. Ng'ombe wetu amezaa ndume, na Baba amemkasirikia kana kwamba alifanya makusudi. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Uliniagiza nikuandikie kwa Kiswahili, kwa kuwa sasa hata Bungeni wanakisema, nami natii. Mama aliponisikia nikisoma barua hii kwa sauti aliuliza kama mimi na wewe tumegombana, hata tuzungumze kwa lugha ya wageni.

Jambo langu ni mdogo wangu Nyasani. Ni mwaka na nusu sasa tangu atoke hospitali huko Nairobi. Uvimbe wa taya umekwisha, nywele zimeota, na anakula kwa upande mmoja wa mdomo kwa kasi ambayo sisi wenye pande mbili hatuiwezi. Daktari alimwambia Baba kwamba kansa ya namna hii ni kama mgeni aliyesahau mwavuli, huenda akarudi. Kwa hiyo mtoto apimwe kila baada ya miezi michache, ili ikirudi ikutwe ingali mlangoni.

Mwanzoni aliitwa, na mradi ulitoa nauli. Tangu Agosti hajaitwa. Baba alikwenda kituo cha afya kuuliza, na muuguzi Akong'o, yule mama mrefu wa kutoka ziwani, akamweleza kwamba utaratibu umebadilika. Fedha za serikali za kuwatunza watoto waliopona sasa zinapitia shuleni. Mwalimu mkuu anaandika jina, jina linakwenda Nairobi, mtoto anaitwa.

Lakini Nyasani hana shule. Tangu karo ya madarasa ya chini ifutwe mwaka jana, watoto wamefurika, na Mwalimu Mkuu Ondieki amekuwa mkali sana wa masikio. Kipimo unakijua: mtoto hupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akigusa sikio la kushoto ametimiza umri. Nyasani ana miaka minane. Ugonjwa na dawa vilimsimamisha palepale, na ukimwona utadhani ana mitano. Mkono wake ulifika utosini ukakoma. Mama alimweleza Mwalimu mwaka aliomzaa, na mvua ya mwaka ule, na jirani aliyemsaidia. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, watu hudanganya. Sikio halidanganyi."

Njiani Nyasani aliuliza kama hospitali ingeweza kumsogezea sikio juu kidogo, maana taya walishamsogezea.

Mjomba, wewe uko katika ofisi ileile inayopanga fedha hizi. Naomba umwandikie Mwalimu, ama useme neno mtoto aitwe moja kwa moja kama zamani. Hatuombi zaidi ya daktari kumshika shingo.

Mimi mpwa wako,
Mokeira


Nairobi,
3 Machi 1975

Mpwa wangu Mokeira,

Barua yako ilifika salama ikakaa mezani pangu, si kwa kupuuzwa bali kwa wingi wa shughuli. Anti yako Jemimah anawasalimu. Watoto wanaendelea vizuri na wamesahau lugha yetu ya Ekegusii kabisa, jambo ambalo Bibi asiambiwe. Mwambie Baba ndume pia ni ng'ombe.

Kiswahili chako kinapendeza, ila unaliingia jambo kwa pupa, kama mtu aliyekanyaga siafu. Mtu wa ofisi hutanguliza usuli. Nami nitakupa usuli ili ujifunze.

Serikali, pamoja na marafiki wa nje, imetenga fungu la fedha kwa ajili ya kansa ya watoto. Fungu hilo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni utafiti: kuwatafuta watoto wenye uvimbe, kuwapiga picha, kuwatibu, na kujua kwa nini uvimbe unapenda huku na haupendi kule. Sehemu ya pili ni matunzo ya waliopona. Sasa hao waliopona wamerudi kwao, na kwao ni huko milimani ambako gari likienda leo linarudi likiwa limechoka kuliko dereva. Kamati iliketi, ikanywa chai, ikaona njia nyepesi ni shule. Kwa maana kila mtoto mzima yuko shuleni. Sentensi hiyo ni fupi, lakini itafakari. Ina uzito.

Kwa hiyo ukiniomba Nyasani aitwe moja kwa moja, unaniomba nitoboe ukuta na mlango upo. Nikimtobolea mpwa wangu, kesho ofisi nzima itatobolea wapwa wao, nasi tutalala nje.

Ushauri wangu ni huu. Mpeni mayai. Mnyoosheni viungo. Mkono hukua, na Januari nyingine haiko mbali.

Mjomba wako,
Manasseh Nyangau


Nyaramba,
20 Aprili 1975

Mjomba,

Nakusalimu tena kutoka katika matope. Mvua imeshika, majani ya chai yanaota kuliko mikono ya kuyachuma, na gari la kununua chai lilikwama karibu na kwetu hata watu wakalizoea. Bibi hajambo. Kuhusu Ekegusii cha watoto sijamwambia kitu, ila ameanza kuuliza mwenyewe.

Tumefuata ushauri wako wote. Baba amefunga mti imara ghalani, na kila jioni Nyasani huning'inia hapo kabla ya uji. Bibi alileta samli, akawa anamkanda bega na kuuvuta mkono kama anayemsaidia ng'ombe kuzaa. Mayai anakula, na kuku ametazama mambo haya akahamia kutagia kwa jirani. Baba anasema mkono wa kushoto umeongezeka. Kwa bahati mbaya Mwalimu Ondieki hupima wa kulia. Watoto wa njiani wamemwita Nyasani popo, naye amewaambia popo haandikishwi shule lakini anaona gizani, kwa hiyo wachunge maembe yao.

Juma lililopita gari la mradi lilifika sokoni. Lile la utafiti, jeupe, lenye maandishi mlangoni. Wasichana wa shule yetu walikwenda kutazama, nami nikakimbia nyumbani kumleta Nyasani. Kijana mmoja mwenye koti jeupe alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akasoma kadi yake ya zamani, akafurahi. Akasema, "Huyu amepona. Hongera sana." Akampa peremende.

Wewe unajua jinsi ninavyoshindwa kusema mbele za watu. Lakini nilisema. Nilimwomba amshike na shingo, hapa chini ya taya, kwa dakika moja tu. Akaniambia kwa upole kwamba gari lile ni la kutafuta wagonjwa, na mtoto aliyepona akiandikwa ndani yake hesabu ya utafiti itaharibika. Kisha wakaondoka kumtafuta mgonjwa mwingine. Nyasani alikula peremende yake kwa upande mmoja.

Mjomba, nimeitafakari sentensi yako kama ulivyoniagiza. Kila mtoto mzima yuko shuleni. Nyasani hayuko shuleni, basi si mzima. Lakini gari limesema si mgonjwa. Naomba unieleze, hata kwa ajili ya mtihani wangu, mtoto asiye mzima wala mgonjwa anaitwaje. Tena naomba kujua ni nani katika kamati aliyeitunga sentensi hiyo, ili nimwandikie yeye nikuache wewe na shughuli zako.

Sina mengine. Mama ameanza kumfunga Nyasani kitambaa shingoni. Anasema ni kwa sababu ya baridi.

Mpwa wako,
Mokeira


Nairobi,
30 Juni 1975

Mpwa wangu,

Pokea salamu na furaha. Furaha yenyewe utaiona chini, ukisoma kwa utaratibu. Sisi hatujambo. Nimepewa meza karibu na dirisha.

Habari kubwa ni hii. Bwana Mkubwa wetu atakuja Kisii mwezi wa Septemba, pamoja na wageni wa nje wanaochangia fungu. Mkutano utakuwa Keumbu, kwa kuwa lami inafika pale na wageni wana viatu vizuri. Fungu linakwisha mwaka huu na lazima tuombe jingine. Sasa, mtu akiomba fedha za mbegu huonyesha shamba lililozaa. Inatakiwa mtoto aliyepona. Nilipoulizwa, sikusita. Nilimtaja Nyasani. Atasimama jukwaani, atashikwa mkono, picha yake huenda ikatoka gazetini. Nawe nimekuombea nafasi ya kusoma risala ya kuwakaribisha wageni. Nilisema nina mpwa mwenye Kiswahili cha kupendeza.

Usiogope. Msomaji mwoga hutazama karatasi, na watu hudhani anaheshimu.

Mpeni mtoto shati jeupe. Kile kitambaa cha shingoni kitolewe siku hiyo. Wapiga picha hawakipendi.

Mjomba wako,
Manasseh Nyangau

Swali lako kuhusu kamati nimelisoma. Kamati ni kitu kimoja, haigawanyiki.


Nyaramba,
15 Agosti 1975

Mjomba,

Salamu. Wote wako hai. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo la kweli kuliko yote niliyo nayo.

Mwaliko umefika kwa chifu na umetuletea vita nyumbani. Siku iliyochaguliwa ni Jumamosi. Mama alisema haendi kuketi uwanjani siku ya Sabato. Mzee wa kanisa akamkumbusha kwamba Bwana Yesu aliponya watu siku ya Sabato. Mama akamjibu, "Aliponya, mzee. Hakupanda jukwaani kuonyesha aliowaponya." Sasa wamekubaliana kwamba atakwenda baada ya ibada, ataketi nyuma, na hatapiga makofi.

Risala nilianza kuiandika mwenyewe. Chifu aliipitia akabakiza makaribisho na shukrani tu.

Sasa kitambaa. Hukuuliza kilicho chini yake, nami sikusema. Mama pia hasemi, humfunga tu akatazama pembeni. Kuna kitu kama punje ya maharagwe chini ya taya, upande uleule. Hakimuumi. Baba alimpeleka kwa muuguzi Akong'o, akakishika kwa muda mrefu huku akimwuliza Nyasani habari za popo. Akasema huenda ni jino bovu, huenda ni yule mgeni amefuata mwavuli. Yeye hawezi kujua, na huku hakuna awezaye. Kinatakiwa kichomwe sindano na kutazamwa huko Nairobi, na kitazamwe mapema. Yeye mwenyewe ameandika mara mbili. Amejibiwa kwamba mtoto apitie shuleni kwake.

Mjomba, nimefikiri hivi. Kama ni jino, Nyasani ni mzima, na hakuna wa kumpima, tutangoja mkono. Kama ni kansa, basi ni mgonjwa, gari jeupe litakuja, atapata kitanda, na fungu lipo. Sisi ni watu wa kuomba usiku na asubuhi, lakini tangu Jumatatu nikipiga magoti nanyamaza. Sijui niombe lipi. Wewe uliyesoma, nifundishe.

Mokeira


Nyaramba,
22 Septemba 1975

Mjomba,

Barua ya Agosti haikujibiwa, kwa hiyo nakuletea habari za mkutano bila kungoja. Bibi alikuwepo. Alisimama karibu na barabara akikutazamia, mpaka magari yote ya Nairobi yalipokwisha kushusha watu, kisha akaketi.

Uwanja ulijaa. Wafanyabiashara wa Keumbu walifunga maduka, na waliokuwa wakingoja magari walingojea ndani ya mkutano. Risala niliisoma kwa sauti ndogo hata mwenye kipaza sauti akakiongeza, nacho kikapiga yowe, nami nikamaliza kwa sababu nilitaka kushuka. Watu walidhani naheshimu, kama ulivyosema.

Kisha Bwana Mkubwa akasimama. Ni mtu mnene mwenye sauti nzuri, na suti ya kijivu ambayo nadhani ilishonwa kabla hajapandishwa cheo. Aliwashukuru wageni wa nje. Alisema utafiti umefanikiwa na watoto wanapona. Alisema waliopona hawakusahauliwa, fungu lao limepitishwa mahali pasipo na kizuizi. "Kwa maana," akasema, akanyamaza kidogo ili watu wajitayarishe, "kila mtoto mzima yuko shuleni."

Walipiga makofi sana. Mama hakupiga, alikwisha kuahidi. Mimi pia sikupiga. Nilikuwa nimeisoma sentensi ile tangu Machi, na hata ile "kwa maana" ilikuwa yako, neno kwa neno.

Nyasani akapandishwa. Shati lilikuwa jeupe na kitambaa kilikuwa shingoni. Mama alikataa kukitoa, na mtu wa picha alipokishika akatazamwa na Bibi. Bwana Mkubwa alimweka Nyasani mbele ya kipaza sauti, akamwinamia, akamwuliza mambo ya kawaida ya kuuliza watoto.

"Uko darasa la ngapi, kijana?"

"Siko."

"Huko? Kwa nini?"

"Mkono haufiki."

Bwana Mkubwa hakuelewa. Nyasani, aliyedhani mtu wa Nairobi hakufundishwa, akamwonyesha. Akapitisha mkono juu ya kichwa, ukafika utosini ukakoma, akauacha hapo watu wote wauone. Kisha akamtazama na kumwuliza kwa adabu, "Wewe unafika?"

Watu walianza kucheka, si kwa ubaya. Bwana Mkubwa naye ni mtu wa watu, akacheka, akawapungia wageni, akainua mkono wake wa kulia kumfurahisha mtoto. Suti ilimruhusu mpaka kwenye paji la uso. Akajaribu kuongeza nguvu. Kwapa likapasuka, na kipaza sauti kilikuwa karibu, Mjomba, hata waliokuwa ng'ambo ya barabara walisikia.

Sijawahi kuona watu wakicheka vile siku ya Sabato. Wageni wa nje walitaka kutafsiriwa, na mkalimani alikuwa ameinama ameshika magoti. Nyasani peke yake hakucheka. Alimpigapiga Bwana Mkubwa mkononi akamwambia, kwa kipaza sauti, "Kula mayai."

Ilipotulia, Bwana Mkubwa alifuta uso akauliza mwalimu wa mtoto huyu ni nani. Ondieki alisimama. Akaambiwa amwandikishe kesho. Akasema kesho ni Jumapili, Mheshimiwa. Basi Jumatatu. Watu wakapiga makofi tena, safari hii hata Mama mikono ilimponyoka.

Leo ni Jumatatu. Nyasani yuko darasa la kwanza, kwenye dawati la mbele, na hakuna aliyempima sikio. Saa sita nilikwenda kumwomba Mwalimu aandike jina lake kwa ajili ya kupimwa. Ameliandika. Alikuwa mpole. Kisha akaniambia majina hukusanywa mwisho wa mwaka, hupelekwa Nairobi Januari, na watoto huanza kuitwa baada ya Pasaka.

Sasa tuko ndani ya mlango wako, Mjomba. Ni mlango mzuri. Punje ya maharagwe imekua, sasa ni kama njugu mawe na ganda lake.

Sikumwambia Mama kuhusu sentensi. Bibi anajua. Alipoisikia uwanjani alitikisa kichwa akasema kwa Ekegusii kwamba tangu utotoni ulikuwa hodari wa kusema maneno mazuri ili usitumwe kuchota maji.

Mokeira


Nairobi,
27 Septemba 1975

Mokeira,

Sentensi ni yangu.

Nimeomba likizo. Jumanne asubuhi nitakuwa Keumbu, mahali basi la Nairobi linaposimama. Mleteni mtoto na kadi yake. Mwambie Baba asitafute nauli wala barua ya Mwalimu.

Usimtoe kitambaa. Asubuhi kuna baridi.

Manasseh


Nairobi,
2 Novemba 1975

Mpwa wangu Mokeira,

Nakusalimu, na usuli nauacha. Anti Jemimah humpikia Nyasani uji kila siku na kuupeleka mwenyewe hospitalini. Watoto wangu wamejifunza Ekegusii cha matusi kutoka kwake, na nimeamua kuwa ni mwanzo mzuri.

Ni yule mgeni. Nimekuandikia wewe ili umweleze Mama kwa maneno yako, maana yangu hayaamini, na ana haki. Lakini daktari amesema tumeiwahi, ni ndogo, na dawa imeanza kuipunguza. Amesema pia kwamba kama ingengoja Pasaka, asingekuwa na la kuniambia. Alisema hivyo akinitazama, kwa sababu anajua ninakofanya kazi.

Siku ya kwanza mlangoni walitaka barua ya shule. Nikasema mimi ni wa kamati. Karani akasema sheria imetoka kwa kamati yenyewe, akanisomea, akaisoma vizuri. Tuliketi kwenye benchi mpaka daktari mmoja alipopita akamshika shingo. Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Wamemfungulia faili jipya, na watu wa utafiti wamemfurahia sana, maana amekuwa mgonjwa tena na anahesabika.

Jioni mimi huenda kukaa naye. Wadi ina watoto wengi wa umri wa shule, wengine wanatibiwa, wengine wamekwisha kupona na wanangoja kurudishwa makwao. Juzi Nyasani aliwapanga wote wapime masikio. Walicheza kwa furaha. Aliyekuwa na mpira wa dawa mkononi alisaidiwa na jirani. Mikono ilifika utosini ikakoma, kitanda kwa kitanda, mpaka mwisho wa wadi. Nyasani akanigeukia akaniambia, "Mjomba, hakuna."

Mokeira, niliitunga sentensi ile asubuhi moja kabla ya chai. Hakuna hata mmoja aliyefika.

Ofisini mambo ni kama zamani. Fungu limepitishwa tena, wageni walifurahia safari. Bwana Mkubwa hakunilaumu, ila ameniletea ile suti niipeleke kwa fundi. Nimeambiwa niandike utaratibu mpya wa waliopona, wa mwaka ujao. Nimekaa mbele ya karatasi siku tatu. Kiswahili changu kimekuwa kizuri mno, hakishiki kitu. Naomba uniandikie wewe sentensi ya kwanza.

Mjomba wako,
Manasseh


Nyaramba,
16 Novemba 1975

Mjomba,

Salamu kutoka kwa wote. Ndume ameanza kuzoeshwa nira na Baba amemsamehe. Mama amesikia yote. Alilia, kisha akauliza kama huko Nairobi wanajua kwamba mtoto hatafuni kwa upande wa kulia. Bibi anasema ukija Desemba njoo na watoto, matusi watamalizia kwake.

Dawati la Nyasani halijapewa mtu. Mwalimu Ondieki huliita jina lake kila asubuhi, na darasa zima hujibu kwamba yuko Nairobi anapima wakubwa.

Sentensi uliyoomba nimeiandika mara nyingi na kuifuta, maana nilitaka ipendeze. Imekataa. Ipeleke hivi hivi:

Mshikeni mtoto shingo kwanza, ndipo mumwulize yuko shule gani.

Mokeira